Ukingo wa Unguja

Kilele kirefu kuliko vyote barani Afrika kiko Tanzania, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Tanzania hiyo hiyo ina kisiwa cha Unguja, ambacho pahala pake pa juu kabisa, mgongo wa Masingini ulio nyuma ya mji, ni mita 120 hivi. Ukijumlisha ukagawa, Mzanzibari ni mtu wa milimani. Hesabu ya namna hii ni kichekesho cha barazani, lakini kuna meza duniani zinazoichukulia kwa uzito wote.

Umoja wa Mataifa una orodha ya nchi zinazoendelea za visiwa vidogo, kundi lililotambuliwa katika mkutano wa Rio wa 1992 kwa sababu ya udhaifu wake wa pekee: ardhi ndogo, masoko ya mbali, bahari iliyo mlangoni. Komoro imo, Shelisheli imo, Morisi imo, Maldivi imo. Guinea-Bissau, Guyana, Suriname na Belize zimo pia, ingawa zote nne ziko bara na wanaojua jiografia wamelisamehe hilo. Pembeni mwa orodha zimo Aruba, Bermuda na Puerto Rico, ambazo si dola. Zanzibar haimo. Ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa tangu tarehe 16 Desemba 1963 hadi Muungano wake na Tanganyika wa tarehe 26 Aprili 1964, muda usiotosha hata kukizoea kiti, seuze kusubiri orodha itungwe.

Sina nia ya kufungua kesi ya Muungano; wenye kazi hiyo wapo na hawajawahi kuomba likizo. Ninalotaka kusema ni dogo zaidi. Wastani huficha. Unakificha kisiwa ndani ya bara, na ukishuka kisiwani unauficha ufuo ndani ya kisiwa. Unguja haifanani na Maldivi, ambako pahala pa juu kabisa pa asili hapafiki mita 3, na ambako mwaka 2009 baraza la mawaziri lilikutana chini ya maji na mitungi ya hewa mgongoni ili dunia ielewe. Sehemu kubwa ya Unguja iko juu ya hapo na itabaki kavu vizazi vingi. Lakini karibu kila kinachokifanya kisiwa hiki kikalike, yaani visima, bandari, mji, mikoko, mwani na siku hizi hoteli, kimejipanga kwenye ukingo, katika mita chache za mwisho kabla ya maji. Kisiwa kinaweza kubaki kikavu na bado kikashindwa kuwalisha watu wake.

Kijiolojia, Unguja ni kipande cha bara kilichozungukwa na maji juzi tu. Mlango wa bahari unaoitenga na Bagamoyo una upana wa kilomita 35 hivi na kina chake si kirefu. Wakati wa barafu kuu, bahari ilipokuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo, mnyama aliweza kutembea kutoka bara hadi Jambiani. Na walitembea: katika pango la Kuumbi, ndani ya mawe ya Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati pamoja na dalili za watu walioishi humo miaka maelfu kabla ya jahazi la kwanza. Barafu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, waliobaki walibaki. Kima punju wa Jozani ni mmoja wao. Chui wa Unguja alikuwa mwengine, mdogo kuliko wa bara, akisemwa vijijini kuwa hafanyi jambo ila kwa kutumwa na mwenye kumfuga. Akawindwa hadi akahesabiwa kuwa ametoweka, kwa makosa ambayo huenda mengi hayakuwa yake. Pemba, kisiwa jirani, iliyokatwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita tangu zamani za zamani, haikupata chui. Ilipata popo wake wakubwa.

Kisiwa chenyewe, kilomita za mraba 1,660 hivi, kimegawika vipande viwili ambavyo mtu aliyepanda gari ya abiria kutoka Darajani kwenda Makunduchi huviona bila kuambiwa. Magharibi na kaskazini-magharibi kuna udongo mwekundu, mzito, wenye minazi, mikarafuu, migomba na miembe. Ukiupita ukanda huo kuelekea mashariki na kusini, udongo unakuwa haba, mawe yanatokeza, miti inakuwa mifupi. Hapo ndipo uwandani: matumbawe ya kale yaliyoinuliwa juu ya bahari, makali, yenye mashimo na mapango, na udongo uliojikusanya katika vishimo vya hapa na pale. Mkulima wa uwandani hapandi shamba, hupanda vishimo: muhogo hapa, mbaazi pale, viazi vitamu panapobaki.

Mpaka huu wa udongo umeandika historia ya kisiwa kuliko mkataba wowote. Karafuu zilipoletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja na kuwahimiza wakubwa wa Kiomani wazipande, zilipandwa kwenye udongo mwekundu, kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara. Wenyeji wa kisiwa, Wahadimu waliokuwa chini ya Mwinyi Mkuu, walijikuta wakibaki mashariki na kusini, kwenye mawe ambayo hakuna aliyeyataka. Watumbatu walibaki kaskazini, na bahari yao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani Barghash bandarini; Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Lakini ramani ya ardhi haikubadilika. Hata Serikali ya Mapinduzi ilipoifanya ardhi yote kuwa ya umma na kugawa eka tatu tatu kwa familia katika miaka ya 1960, ardhi iliyofaa kugawiwa ilikuwa ile ile ya upande wa magharibi. Mawe ya mashariki hayakuwa na wa kunyang'anywa wala wa kugawiwa.

Waandishi wa safari hupenda kuiita Unguja kisiwa cha mbali. Mbali na wapi, hawasemi. Kwa boti ya mwendo kasi ni chini ya saa 2 mpaka Dar es Salaam. Katika udongo wa Unguja Ukuu, mji uliokuwepo tangu karne ya 7 hivi, kumekutwa vigae vya vyombo vilivyofinyangwa nchi za Ghuba na China. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Miji hii yote miwili iko ufukweni. Wazee wetu hawakukaa ukingoni kwa kukosa akili wala kwa kupenda mandhari. Walikaa pale kwa sababu riziki ilipita pale: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na anayeishi katikati ya kisiwa hapati biashara wala samaki.

Ukingo huo una elimu yake, na elimu hiyo ina kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mwezi, ambayo huongoza ibada na maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji makubwa. Katikati yake huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Unguja bamvua hujaa alasiri na alfajiri, kwenye saa 10, na hupwa asubuhi kwenye saa 4 au 5. Kalenda ya pili ni ya jua, Nairuzi, yenye siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mwaka wa mwezi hurudi nyuma siku 11 kila mwaka wa jua, na pepo hazirudi nao. Nahodha aliyetegemea mwezi peke yake angengoja kusi wakati wa kaskazi. Ndiyo maana Makunduchi bado wanaoga mwaka kila Julai, wanaume wakipigana kwa vigomba na kumaliza kinyongo, kibanda kikichomwa moto na moshi wake kutazamwa unakoelekea. Siku hizi watalii huelekeza simu zao huko huko, na hawajui kwamba wanashuhudia mwaka wa fedha wa mabaharia na wakulima ukifungwa.

Atakaye kuona kwa macho yake thamani ya ukingo huu aende Paje au Jambiani asubuhi ya bamvua. Maji yamekwenda zake zaidi ya kilomita moja, mpaka kwenye mwamba ambako mawimbi yanapasuka. Palipokuwa bahari pamekuwa shamba. Wanawake wamevaa kanga mbili na kofia ya ukili, miguuni viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba ya mashokoro. Kuna vigingi vya miti vilivyopigwa kwenye mchanga kwa mistari, kamba imefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba mashada ya mwani yamefungwa moja moja kwa vikamba vyembamba. Anayepanda hukaa kitako ndani ya maji ya kifundo cha mguu, akafunga shada, akasogea, akafunga jengine. Pembeni wengine wanachokoa pweza kwenye mashimo kwa kijiti. Karibu na pwani kuna mashimo yaliyofunikwa kwa mawe ambamo makumbi ya nazi yamefukiwa miezi kadhaa yaoze, yapondwe, yatoke usumba wa kusokotea kamba. Saa 7 mchana maji yanarudi na shamba linafungwa, bila kengele wala msimamizi.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa pwani hii mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi sana ni wanawake. Kwa mwani, mwanamke wa uwandani alishika fedha isiyopita mkononi mwa mume. Nyumba nyingi za matofali katika vijiji hivi zilianza kwa magunia ya mwani, na wanaume, ambao mwanzo waliicheka kazi hiyo, waliacha kucheka bila kutoa tangazo. Mwani ni wa aina mbili: spinosum, unaovumilia na bei yake ni ndogo, na cottonii, wenye bei nzuri na unaodeka. Maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, cottonii hupauka, matawi yakawa meupe, yakakatika. Wataalamu, akiwemo Dk. Flower Msuya aliyeutafiti mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi, wamehimiza ulimwe kwenye maji ya kina zaidi. Ushauri ni sahihi. Ila kina kinataka chombo, na kinataka kuogelea, na wasichana wengi waliozaliwa mita 50 kutoka baharini hawakufundishwa kuogelea kwa sababu haikuonekana kuwa ni kazi yao. Joto la bahari limefanya kozi ya kuogelea iwe pembejeo ya kilimo.

Hapa kuna swali ambalo mtu mwenye akili timamu huuliza. Bahari hii hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 katika bamvua, mara mbili kwa siku. Wanasayansi wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi wanasema usawa wa bahari duniani umepanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Sentimita 20 katika mita 4 ni nini? Ni kitu kidogo, kwa wastani. Lakini bahari haivunji nyumba kwa wastani wake. Huvunja siku ile moja bamvua kubwa inapokutana na upepo mkali, maji yakafika mstari ambao hayajawahi kuuvuka. Pengo lililobaki chini ya mstari huo huweza kuwa shibri moja tu. Shibri hiyo ndiyo inayoliwa, na kasi inaongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka.

Na kabla bahari haijafika mlangoni kwa juu, hupita kwa chini. Unguja haina mto mkubwa. Vijito vinavyoteremka kutoka mgongo wa kati, vikifika kwenye mawe, hupotelea ardhini. Mvua, ambayo ni kama milimita 1,600 kwa mwaka, hupenya kwenye matumbawe na kukaa chini yake juu ya maji ya chumvi, kama samli juu ya mchuzi. Karibu na pwani tabaka hilo la maji matamu ni jembamba. Visima vya zamani vya mashariki havikuchimbwa virefu kwa sababu hiyo. Ukiongeza kina unapita utamu unaikuta chumvi. Maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, na mama wa nyumba alijua wakati wa kuteka ya kunywa na wakati wa kuteka ya kufulia. Pampu ya umeme haina ujuzi huo. Huvuta mpaka iambiwe basi, na tabaka la juu likipungua, chumvi hupanda kuja kujaza nafasi.

Nani huvuta zaidi? Utafiti wa shirika la Kiingereza la Tourism Concern uliotoka mwaka 2012, uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kaya ya kijijini ikitumia lita 93 kwa siku, chumba kimoja cha nyumba ya wageni lita 686, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Sina haja ya kupaka rangi tarakimu hizo. Niongeze tu kwamba kaya ina watu wengi kuliko chumba cha hoteli, na haina bwawa la kuogelea lililojengwa hatua 20 kutoka kwenye bahari.

Mji nao ni sehemu ya ukingo. Mji Mkongwe umesimama juu ya rasi yenye pembe tatu, ncha yake Shangani. Mpaka katikati ya karne iliyopita mkono wa bahari uliingia nyuma yake na kuutenga na Ng'ambo, daraja likiwa pale panapoitwa Darajani. Mkono huo ulijazwa kidogo kidogo kwa miongo kadhaa, ukageuka barabara, bustani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Bahari haikuulizwa, na kumbukumbu yake ni nzuri: masika yakija na maji makuu, maji ya mvua ya sehemu hizo huchelewa kupata pa kwenda.

Jengo la Mji Mkongwe ni jiografia ya Unguja iliyosimamishwa wima. Kuta ni mawe ya matumbawe, nene kufika sentimita 50 na zaidi, zilizoshikwa kwa chokaa iliyotokana na mawe yale yale kuchomwa kwenye tanuri la kuni. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa moja moja, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa iliyopondwa. Boriti ya mkoko haitoi urefu mzuri wa kubeba mzigo unaozidi mita 3 hivi, kwa hivyo chumba cha tajiri na cha asiye tajiri vilikuwa na upana ule ule. Tajiri alizidi kwa urefu tu. Nje, kwenye uso wa nyumba, kuna baraza la mawe la kukalia. Kila mtu hulisifu kwa kahawa, bao na siasa. Wachache hutaja kazi yake nyengine: siku ya mvua kubwa, uchochoro unapogeuka mfereji, baraza ni njia ya miguu, na mtu huweza kuvuka mtaa mzima akipita mbele ya milango ya watu, akitoa salamu kila hatua kwa kuwa adabu haisimami kwa mvua.

Nyumba kama hii hupumua. Unyevu huingia ukatoka, chumvi ikachanua ukutani, mwenye nyumba akapaka chokaa upya kila mwaka. Ukiziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inakula jiwe, boriti inaoza kichwa chake kilichoingia ukutani pasipoonekana. Mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, heshima ambayo haikuja na fundi wa chokaa. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari kama tangazo la utawala wake, liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu 2 wakafariki. Lilikuwa limestahimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, vita vya dakika 38 vilivyoliangusha jumba la jirani yake. Kutotunzwa kuliweza ambacho mizinga haikukiweza.

Sasa turudi mashariki, kwa sababu huko ndiko ramani ya zamani ilikopinduka. Yale mawe ambayo hakuna aliyeyataka yana mbele yake mchanga mweupe, na mchanga mweupe umekuwa karafuu ya zama hizi. Watalii waliofika Zanzibar mwaka 2023 walizidi 600,000, na wengi wao hawakuja kutazama udongo mwekundu. Kwa miaka 150 utajiri wa Unguja ulikaa kwenye ardhi ya juu na nzito. Ndani ya miaka 40 umehamia kwenye ardhi ya chini na nyembamba kuliko zote, wakati ule ule bahari ilipoanza kuidai. Mfanyabiashara akiweka mali yake hivyo, jamaa humwita kikao.

Kanuni zinazotaka jengo likae nyuma ya alama ya maji makuu zipo. Lakini mgeni hulipia kuyaona maji akiwa kitandani, na kila mita ya nyuma ni bei iliyopungua. Jengo likisogea mbele, majani na vichaka vilivyoshika mchanga hung'olewa. Mchanga ukianza kuondoka, hujengwa ukuta. Wimbi likipiga ukuta hurudi na mchanga wa mbele yake na kwenda kuchimba kwa jirani asiye na ukuta. Jirani, kama ni hoteli, hujenga wake. Kama ni kijiji, huhamisha ngalawa. Na saruji ya kuta zote hizo inataka mchanga, unaochimbwa katika mashimo ya Wilaya ya Kaskazini B mpaka Serikali ikalazimika kuudhibiti kwa kuwa unakwisha. Tunachimba kisiwa kwa ndani ili kukilinda kwa nje.

Anayedhani kisiwa hakiwezi kuondoka aulize Pangani. Maziwi, kisiwa kidogo mbele ya mji huo, kilikuwa na miti na kilijulikana kwa kasa waliopanda kutaga. Miti ilipokwisha, mchanga haukuwa na wa kuushika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kikageuka fungu linalofunikwa na maji makuu. Kasa wa eneo hilo hawakuarifiwa, na wanaoendelea kutaga pale huhamishiwa mayai yao pwani na wahifadhi. Unguja ni kubwa mara nyingi kuliko Maziwi na ina mifupa ya mawe, kwa hivyo haitafuata njia hiyo. Lakini mchanga wa Paje haujui kama uko juu ya kisiwa kikubwa.

Yapasayo kufanywa hayahitaji wataalamu kutoka mbali, na mengi yamo katika mkakati wa mabadiliko ya tabianchi ambao Zanzibar iliutoa mwaka 2014. Visima vya hoteli vipimwe kwa mita na chumvi yake itangazwe kijijini, ili mwenye kisima cha ndoo ajue kinachomjia. Alama ya maji makuu ipimwe upya, maana iliyowekwa zamani inapimia bahari iliyokwisha kuondoka. Mikoko ya Chwaka na Kisakasaka ihesabiwe kuwa ukuta wa bahari, kwa sababu ndiyo ukuta pekee unaojiongeza wenyewe. Ukuta wa mawe uwekwe pale tu ambapo hakuna cha kusogezwa, kama Mizingani, ambako nyuma yake kuna mji wa dunia nzima. Kwengine kote, kusogea nyuma ni rahisi kuliko kujenga, ila hakumfurahishi anayelipia chumba.

Linabaki lile la orodha. Kwa Katiba zetu, mambo ya nje ni ya Muungano na mazingira si ya Muungano. Maana yake bahari ikipanda ni shauri la Zanzibar, na kwenda kulisema nje ni shauri la Muungano. Mpangilio huo unaweza kufanya kazi iwapo anayesema anapeleka habari za anayelowa. Muungano hauna haja ya kubadilishwa kwa ajili ya hili. Aruba na Bermuda zimeingia pembeni mwa orodha bila kuwa dola, na tume za kikanda za Umoja wa Mataifa ndizo zilizozifungulia mlango. Tanzania inaweza kuuliza kama mlango huo upo upande wetu. Ikijibiwa haupo, iweke katika kila ripoti yake ya tabianchi safu ya Unguja na safu ya Pemba, zenye tarakimu zao wenyewe za ufuo, visima na mwani, badala ya kuzichanganya na za Kilimanjaro. Watu 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar mwaka 2022 wanatosha kupewa safu mbili za karatasi, na gharama yake ni ndogo kuliko ukuta wowote wa saruji.